Moja Kumi na Tisa Ubaoni

Msibani kwa Mwalimu Chaula, kule Mahongole, pembeni mwa Makambako, nilisikia maneno niliyoyadhani ni yangu peke yangu yakitoka kinywani mwa mtu nisiyemjua. Ilikuwa baada ya mazishi. Tulikuwa tumeketi chini ya turubai, upepo wa Makambako ukilipigapiga kana kwamba unataka kulichukua, sahani za wali na maharage zikiwa mapajani, na wanafunzi wake wa zamani walikuwa wamepewa nafasi ya kusema mawili matatu. Akasimama bwana mmoja mnene mwenye koti zuri, akajitambulisha kwamba ni mtu wa benki. Akasimulia jinsi Mwalimu alivyofika kwao, akaketi jikoni kwenye kigoda cha mama yake, akaeleza habari za namba fulani ndefu isiyogawanyika, kisha akamwambia baba mwenye nyumba: "Namba hiyo nimeambiwa. Mtoto huyu nimemwona mwenyewe. Tangu nianze kufundisha sijaona kichwa kama hiki." Watu wakaguna kwa kuridhika, wengine wakafuta machozi. Yule bwana akatoa simu, akaiandika ile namba pale pale, akatuonyesha jibu lililokuja kabla hajamaliza kuinua mkono: kweli haigawanyiki. Mimi nikaweka kijiko chini. Maneno yale yale, kwa mpangilio ule ule, Mwalimu aliyasema sebuleni kwa shangazi yangu, Mjimwema, mwaka nilipokuwa kidato cha nne. Ni kwa maneno hayo nilibaki shuleni. Kila nilichokuwa baadaye kinasimama juu yake. Sasa huyu wa benki ameyapata wapi?

Mimi ni mtu wa kushuku, ni vizuri msomaji alijue hilo mapema. Nikisifiwa nageuka nyuma kuangalia kama kuna mwingine anayesifiwa. Tabia hiyo niliipata kwa shangazi Lidia. Kwa nini nililelewa kwake ni habari nyingine na siileti hapa. Nyumba yake ya Mjimwema ilikuwa ya vyumba vitatu, na changu kilikuwa nusu chumba, nusu ghala. Magunia ya viazi yalipangwa mpaka kwenye kizingiti cha dirisha, na miezi ya baridi nilikuwa nikiamka nywele zinanuka udongo. Tulikula viazi. Tulikula vya kuchemshwa na maganda, vya kuchanganywa na maharage, na wageni wakija tulikula vya kukaanga. Vizuri viliuzwa, sisi tulikula vilivyokatwa na jembe. Ukuta kati yangu na sebule ulikuwa wa mbao za msonobari zilizokauka na kuachana, kwa hiyo mazungumzo ya shangazi na wafanyabiashara wenzake yalinifikia yote. Yalikuwa mazungumzo ya aina moja tu. Nani ameweka mawe katikati ya gunia, nani amejaza vya kijani chini na vyeupe juu, nani anaapa kwa jina la Mungu huku mguu wake umeelekea mlangoni. Watoto wengine walilala kwa hadithi, mimi nililala kwa hizo.

Biashara yenyewe ilikuwa Makambako, kwenye stoo ya mabati karibu na reli. Siku za likizo tulikwenda huko kwenye Fuso, juu ya mzigo, na tukifika kichwa changu kilikuwa kimejaa vumbi. Desturi ya pale ilikuwa hivi. Gunia linaletwa limeshonwa, limejazwa lumbesa, kichwa kimechomoza juu kama mkate ulioumuka. Mnunuzi akilitilia mashaka anasema, "Mwaga tuone." Linafumuliwa, linamwagwa lote chini mbele za watu. Likikutwa na uchafu, aliyelileta anaondoka nalo kwa aibu. Likikutwa safi, aliyeshuku ndiye anayeokota kiazi kimoja kimoja, anajaza, anashona kwa sindano kubwa, na hasaidiwi na mtu. Likizo ya Pasaka mwaka ule nilimshuku mzee mmoja wa Mdandu kwa sababu moja tu, alikuwa anatabasamu kupita kiasi. Nikasema mwaga tuone. Hapakuwa na jiwe wala kiazi kibovu. Niliokota mpaka kiuno kikagoma, upepo ukinipulizia mchanga machoni, na yule mzee alikaa kwenye ngazi akinywa chai yake na kuendelea kutabasamu. Shangazi hakunigombeza. Alisema tu kwamba kushuku nimekuweza, sasa nijifunze na kushona.

Mwaka huo huo ndio Mwalimu Chaula aliletwa shuleni kwetu. Alikuwa mtu wa Makete, mwembamba, mwenye sweta la kijani lililofumwa kwa mkono na viwiko vilivyojaa chaki. Siku ya kwanza hakutaja hata jina lake. Alipanda juu ya kiti, akaandika kwenye ukingo wa juu wa ubao, moja, moja, moja, mpaka tukaanza kutazamana. Alipomaliza ilikuwa hivi: 1111111111111111111. Kutoka mlangoni ungedhani ni uzio wa mianzi. Akaizungushia mstari, akaandika chini yake "usifute," akashuka, akaanza somo la siku kana kwamba hakufanya lolote. Darasa likajaa minong'ono. Wapo waliosema ni alama ya chama cha siri, wapo waliosema ni namba ya simu ya nchi za nje. Tabita, aliyeketi nami dawati moja, alikuwa amehesabu kwa ncha ya kidole. "Moja kumi na tisa," akaninong'oneza. Mwishoni mwa kipindi Mwalimu akatuambia kwamba ile ni namba tasa, kama tatu na saba tulizosoma shule ya msingi: hakuna namba inayoigawa bila kubakiza, ila moja na yenyewe. Mtu akauliza amejuaje. Akasema, "Jaribuni."

Nilipolifikisha jambo hilo nyumbani, shangazi alicheka, kisha akaacha kucheka. Alikuwa na utani wake wa siku zote na Wakinga, watu wa huko Makete. Alisema Mkinga anayeacha biashara akashika chaki ana lake jambo. Lakini lililomkera hasa lilikuja baada ya wiki chache, Mwalimu aliponisimamisha nje ya darasa, Tabita akiwa pembeni yangu, akaniambia nisiishie kidato cha nne. Hesabu naiweza, alisema, niende kidato cha tano, nikasome hesabu mpaka mwisho wake. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia neno kama hilo. Na shangazi alikuwa na mpango mwingine kabisa. Baada ya mtihani ningehamia Makambako kusimamia stoo. Alikuwa ameshanionyesha kitanda nitakacholala, nyuma ya mzani, na msumari wa kutundika nguo zangu. Huo haukuwa mpango mbaya, na wala sikuuchukia. Kwa hiyo nilikuwa na njia mbili, na ile ya shule ilisimama juu ya kauli ya mtu mmoja wa kuja. Nikafanya nilivyofundishwa. Nikaamua kwamba kama Mwalimu ni mwongo katika namba, ni mwongo katika habari zangu, na nitakwenda zangu Makambako. Namba ndiyo ingekuwa gunia lake la kwanza kumwagwa.

Nilianza kugawanya. Nilitumia karatasi za kaki za mifuko ya saruji, nikizikata vipande na kuziweka juu ya gunia lililolala. Mbili na tano hazikuwa na haja, namba inaishia na moja. Nikagawa kwa tatu, ikabaki moja. Kwa saba, ikabaki moja. Kwa kumi na moja, moja. Kwa kumi na tatu, moja. Hapo nikaacha kalamu, kwa maana hata mtoto wa darasa la tatu angeshuku. Vitu vya kweli havipangiki vizuri namna hiyo. Gunia ambalo kila kiazi ni saizi moja limechaguliwa na mtu. Nilipogawa kwa kumi na saba ikabaki tisa, nilifurahi kama niliyemfumania mwizi, lakini thelathini na saba ikanirudishia moja ile ile. Shuleni nilimtazama Mwalimu akifundisha na kujiuliza ni wapi alipoficha uzi.

Likizo ya mwezi wa sita Tabita alikuja nasi Makambako kusaidia kuchambua viazi vidogo vya mbegu. Nikamweleza jambo la baki moja, tukiwa kwenye ngazi za stoo, kila mmoja na ndoo yake. Aliendelea kuchambua. Kisha akapanga viazi kumi na tisa kwa mstari kwenye ubao wa ngazi, kila kiazi kikiwa moja yake, akakisogeza cha mwisho pembeni. Akasema hivi kumi na nane vinapangika. Ukivipanga viwili viwili kila fungu ni kumi na moja, kwa hiyo kumi na moja inaingia yote. Ukivipanga vitatu vitatu kila fungu ni mia moja na kumi na moja, ambayo ni tatu mara thelathini na saba, nazo zinaingia. Ukivipanga sita sita, kila fungu linagawanyika kwa saba na kwa kumi na tatu, nazo zinaingia. Akakiinua kile cha mwisho. "Hiki ndicho kinakosa fungu. Kila ukigawa kwa hizo, anabaki huyu huyu. Ndiyo moja yako." Akakitupa ndooni. Alisema kwa sauti ya mtu anayekuonyesha jinsi ya kufunga kilemba, wala hakuona kama amefanya kitu. Mimi nilikuwa nimehangaika na jambo hilo kwa majuma. Aliniomba nisimwambie Mwalimu, maana angemwita ubaoni, na Tabita alikuwa anaogopa ubao kuliko nyoka.

Tulipofungua shule Mwalimu mwenyewe akaleta habari za mafungu. Alieleza kwamba moja kumi na nane zingepangika katika mafungu yaliyo sawa, na ishirini pia, lakini kumi na tisa hazipangiki, na ndiyo maana namba ile ni ngumu kuivunja. Darasa likaridhika. Mimi sikuridhika, na nilikwenda nyumbani nikiwa kama aliyeshalishika jiwe la katikati ya gunia. Moja tatu nazo hazipangiki mafungu sawa, lakini mia moja na kumi na moja inagawanyika. Nikachukua moja tano, nikagawa na kugawa mpaka ikavunjika: arobaini na moja mara mia mbili sabini na moja. Moja saba zilinila jioni nyingi zaidi, nazo zikavunjika: mia mbili thelathini na tisa mara elfu nne mia sita arobaini na tisa. Nikasimama darasani nikayasema yote. Mwalimu akayaandika ubaoni, akazidisha taratibu mstari kwa mstari mbele yetu, na moja saba zikajipanga. Akasema nimesema kweli, mafungu yanafunga mlango mmoja tu. Nikauliza kuhusu milango mingine. Akasema ni mingi, mtu angelazimika kujaribu namba tasa zote kuanzia mbili mpaka apite bilioni. "Na wewe Mwalimu umejaribu?" nikamwuliza. Alitazama ubao kwa muda, akapangusa chaki kwenye sweta, na kengele ikalia. Niliubeba ukimya ule mpaka Mjimwema kama ushahidi.

Shangazi hakuhitaji ushahidi wangu, alikuwa na wasiwasi wake mwingine. Aliniita jikoni, akafunga mlango, akaniuliza bila kuzunguka kama mwalimu yule amewahi kunishika. Nikasema hapana. Akauliza kama amewahi kunipa kitu. Nikasema hapana, labda chaki. Aliniangalia usoni muda mrefu sana huku maharage yakitokota, na niliogopa ingawa sikuwa na kosa. Wiki iliyofuata alikuja shuleni na debe la viazi vya jikoni kama kisingizio, akasimama nje ya dirisha la darasa letu tukiwa kwenye masomo ya ziada. Aliuona mlango uko wazi, mimi na Tabita na wengine tumekaa mbele, Mwalimu yuko mbali amesimama kwenye namba zake. Alirudi nyumbani hana raha. Alisema hajaona baya lolote, na hilo ndilo lililomtia mashaka zaidi, kwa kuwa mtu hajitaabishi hivyo bure.

Kisha Mwalimu akaja mwenyewe. Ilikuwa Jumapili baada ya ibada, ukungu umeshuka mpaka kwenye mabati. Nilimwona kwa dirisha, juu ya magunia, akipanda njia ya chini, akapita mbele ya kwa kina Tabita ambako mama yake alikuwa anaanika nguo, wakasalimiana, akaja kwetu. Shangazi alimkaribisha kwa chai na viazi, na niliona ametoa vile vizuri, vya kuuza. Mimi niliambiwa nibaki chumbani. Niliweka sikio kwenye ufa wa mbao. Walianza na mvua, wakaenda kwenye bei ya mbolea, na nilimsikia shangazi akimsikiliza jinsi anavyomsikiliza mtu mwenye Fuso lililofunikwa.

"Mwalimu," akasema hatimaye, "hiyo namba yako umeimwaga mwenyewe?"

Mwalimu hakuelewa. Shangazi akamweleza desturi ya stoo, gunia, kufumua, kumwaga, kushona. Mwalimu akacheka kidogo, kisha nikasikia kijiko kikizunguka kikombeni.

"Hapana, mama," akasema. "Sijaimwaga. Kwa mkono haimwagiki, umri wa mtu hautoshi. Kuna mashine zimeifanya kazi hiyo huko nje, na walioziendesha siwajui. Mimi nimeambiwa."

"Kwa hiyo unawapa watoto gunia lililoshonwa."

"Ndiyo. Na kesho nitawaambia kwamba limeshonwa. Binti yako aliniuliza mbele ya darasa, nikaona haya kumjibu."

Mimi nyuma ya mbao nilijua hapo ndipo mambo yangu yanapoamuliwa, na kwa kipimo changu mwenyewe Mwalimu alikuwa ameshaanguka. Ndipo akayasema. "Namba hiyo nimeambiwa. Mtoto huyu nimemwona mwenyewe. Tangu nianze kufundisha sijaona kichwa kama hiki." Baada ya hapo alimaliza chai yake, akashukuru, akatoka kwenye ukungu. Shangazi alibaki kwenye kiti mpaka mkaa ukafifia. Aliponiita nilikuta bado ameshika kikombe cha Mwalimu. Alisema amedanganywa na watu wa kila namna, kwenye stoo na nje ya stoo, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumwambia hiki sijakiona. "Huyu anajua alichokiona na anajua alichoambiwa," akasema. "Nenda huko anakokusema." Kitanda cha nyuma ya mzani hakikutajwa tena. Na kesho yake kweli Mwalimu alisimama mbele ya darasa, akaonyesha namba kwa kidole, akatuambia hajaithibitisha yeye. Wenzangu walicheka. Mimi nililia, wala sikujali nani ananiona.

Nilimsimulia Tabita yote tukielekea bombani. Alisikiliza huku akivingirisha kata yake ya kichwani, akaniuliza kama Mwalimu alisema atakwenda na kwa nani mwingine. Nikasema sijui, hakusema. Jumapili iliyofuata Tabita hakuja kwaya. Alisema walikuwa na usafi wa nyumba.

Matokeo yalipotoka tulikuwa tumefaulu wote wawili. Shangazi alijaza gunia la viazi vya daraja la kwanza, akakataa nisimsaidie, akalishona kwa mkono wake, tukampelekea Mwalimu. Alimwambia kwamba alishuku, akamwaga, akakuta safi, na sasa amekuja kushona. Mimi nikaenda kidato cha tano na kuendelea, na nimefundisha hesabu mpaka nywele zimeingia mvi. Mama yake Tabita alisema kidato cha nne kinatosha. Stoo ya Makambako ilihitaji mtu, na Tabita ndiye aliyelala kwenye kile kitanda cha nyuma ya mzani. Leo stoo ni yake, ameipanua, ana wafanyakazi na malori mawili, na hajawahi kununua kikokotoo. Ndiye aliyenipigia simu kuniambia Mwalimu hayupo tena. Ndiye aliyeketi kando yangu chini ya lile turubai.

Baada ya mtu wa benki akasimama muuguzi mmoja, mama mtu mzima, naye akaanza, na nilijua anakokwenda kabla hajafika. Mwalimu alikwenda kwao, akanywa chai, akasema namba nimeambiwa, mtoto huyu nimemwona mwenyewe. Mimi ni mwalimu, najua jinsi maneno yanavyopatikana. Unakwenda kwa mzazi mmoja unasema neno, unaona limemlainisha, unaliweka mfukoni kwa ajili ya mzazi wa pili. Nikafikiri pia kihesabu, ndivyo nilivyo. Watu watatu hawawezi wote kuwa kichwa ambacho hakijawahi kuonekana, labda kila mmoja awe amempita aliyemtangulia, na hawa wawili walisoma baada yangu. Kwa hiyo ama Mwalimu alitudanganya, ama mimi ndiye niliye chini kwa kichwa kati ya watatu. Sikujua lipi linauma zaidi. Nilihisi kama mtu aliyeshinda maisha yake yote juu ya gunia, na sasa anasikia kitu kigumu katikati. Nikainama kwa Tabita, nikasema kwa uchungu kuliko nilivyokusudia.

"Kumbe alikuwa anawaambia wote."

Tabita hakugeuka. Alikuwa anamtazama yule muuguzi, mikono yake mikubwa ya kazi imetulia juu ya khanga.

"Kwetu hakuja," akasema.

Nilidhani nimesikia vibaya, nikamwangalia. Akaendelea kwa sauti ile ile ya chini, akisema mama yake alinunua sukari, akaazima viti, akafagia uwanja Jumapili baada ya Jumapili, na yeye mwenyewe akaacha kwaya asije akapishana naye. Walimwona akipanda njia ya chini siku ile ya kuja kwetu, na mama yake alidhani akirudi atapitia. Akapita, akasema kwaheri. "Sisi tulimngoja mpaka mtihani, Edina."

Ningependa kuandika kwamba nilimhurumia kwanza. Sivyo. Kilichonijia kwanza ni furaha, ya haraka na ya moto, kwa kuwa mtu mmoja tu ambaye hakuambiwa anatosha kuangusha neno "wote"; hivyo ndivyo nilivyoiangusha hoja ya mafungu mbele ya darasa kwa moja tatu na moja tano. Mwalimu alichagua, na kama alichagua basi aliniona kweli. Huruma ilifika nyuma yake, na ilipofika nilishindwa kumtazama rafiki yangu. Chini ya turubai watu waliendelea kusema mazuri, na kila zuri lilikuwa linapita mbele ya mlango wa kwao.

Tabita akafunga khanga upya. "Wewe umefundisha hesabu miaka yote hii," akasema. "Niambie kitu. Mimi kichwa sikuwa nacho?"

"Ile moja inayobaki," nikasema, "wewe ndiye uliyeipata. Kwenye ngazi za stoo, kwa viazi vya mbegu. Mwalimu hakuwepo. Mimi nilikuwepo, Tabita. Namba yake mpaka leo nimeambiwa tu, hata na hiyo simu. Wewe nilikuona mwenyewe."

Alinigeukia. Alinitazama taratibu, kuanzia machoni mpaka mdomoni, kama anavyotazama gunia kila siku asubuhi kabla hajaamua limwagwe au lipite. Kisha akaiokota sahani yangu, akaiweka juu ya yake, akainuka kuwapelekea waosha vyombo. Hakusema kama ameamini.